Ndugu Yuko Kizuizini na Maradhi Yameingia: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Barua zinazoletwa kwenye safu hii huwa mchanganyiko: mirathi, talaka, viza, mzigo uliopotea bandarini. Mwezi huu nyingine zote nimeziweka kando, kwa sababu barua sita kutoka kwa watu wasiofahamiana zimeuliza jambo moja kwa namna tofauti: mhamiaji anayezuiliwa nchini Marekani analindwa vipi pale ugonjwa wa kuambukiza unapoingia mahali alipofungiwa? Mimi si wakili. Ni mkalimani wa Kiswahili ambaye kwa miaka kadhaa nimekaa katikati ya mawakili na watu waliozuiliwa, na katika mwaka wa 2020 kazi hiyo niliifanya kwa simu, nikisikia vikohozi vya watu nisiowaona nyuma ya sauti ya yule ninayemtafsiria. Ninayoyaandika hapa ni maelezo ya jumla. Kila faili lina mambo yake, na mwenye faili anahitaji wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Mdogo wangu wa kiume, mwenye kisukari na presha, anazuiliwa na idara ya uhamiaji katika jela ya kaunti. Amenipigia simu akasema bweni lao limefungwa, hawatoki wala haingii mtu, kwa kuwa wawili wamekutwa na homa kali. Nimepiga simu kituoni hadi nimechoka, naambiwa niache ujumbe. Nianzie wapi? — Dada wa Minneapolis, mzaliwa wa Kisumu

Dada yangu, pole sana. Niruhusu nianze na hilo la bweni kufungwa, maana ndilo linalokutia hofu na ndilo ambalo wengi hulielewa vibaya. Kituo kinapogundua mtu mwenye maambukizi huwafungia pamoja wote waliokaa naye, ili wasiyapeleke kwenye mabweni mengine. Wakati wa UVIKO-19 muda huo ulikuwa siku 14, na mgonjwa mwingine akitokea siku ya 12 hesabu ilianza upya, hivyo mtu mzima wa afya aliweza kukaa wiki nyingi akiwa amefungiwa pamoja na watu wanaoambukizana. Hatua hiyo inalilinda bweni la jirani. Aliyemo ndani ya bweni lililofungwa haimlindi. Vitanda ni vya ghorofa, vimekazwa sakafuni kwa bolti, na aliyelala huku akinyoosha mkono humgusa aliyelala kule. Simu moja hupokezanwa na watu kadhaa, na vyoo ni vya wote. Kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilipotoa mwongozo wake kwa magereza na vizuizi mnamo Machi 2020 kikiwataka watu wakae umbali wa futi sita, mwongozo ule haukuwezekana mahali kama hapo, hata mlinzi angekuwa mwema namna gani. Wala jambo hilo halikuanza na korona: kati ya Septemba 2018 na Agosti 2019 matubwitubwi, ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua kuwa wa watoto wa shule, uliwapata wahamiaji 898 waliozuiliwa katika vituo 57 vya majimbo 19.

Kwa hiyo sabuni, barakoa na vipimo ni haki yake na avidai, lakini kwa mtu ambaye kisukari na presha vimeshamweka katika kundi la hatari, kinga hasa ni kutoka, na kutoka huko hupatikana kwa karatasi. Kwanza uwe na namba yake ya uhamiaji, ile inayoanza na herufi A, kwa sababu bila namba hiyo hata afisa mwenye nia ya kusaidia hawezi kulifungua faili. Ukiwa nayo pamoja na jina la nchi aliyozaliwa, unaweza kumtafuta katika mfumo wa idara wa mtandaoni na kujua yuko kituo gani leo, jambo ambalo nitakueleza punde kwa nini ni zito.

Kisha nenda kliniki alikokuwa akitibiwa. Nakumbuka barua mbili za daktari zilizopita mikononi mwangu. Ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja tu, kwamba mgonjwa huyu anatibiwa kisukari hapa kwetu, na wakili aliirudisha siku hiyohiyo. Ya pili ilitaja tarehe ugonjwa ulipogunduliwa, kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kila dawa na kiasi chake, safari mbili za kulazwa, na mwisho aya fupi ambamo daktari alieleza linalompata mgonjwa wa namna hiyo akishikwa na homa ya mapafu huku amekosa dawa zake siku mbili tatu. Hiyo ndiyo iliyoambatishwa kwenye ombi. Kliniki haitakupa kumbukumbu hizo bila idhini ya mgonjwa iliyotiwa saini, na kuipata saini hiyo kutoka kizuizini huchukua siku kadhaa, kwa hiyo lianze hilo leo. Wakati huohuo yeye mwenyewe aombe kuonana na tabibu kwa maandishi, kila mara, hata kama jana aliomba, na aandike pembeni tarehe na saa. Maneno aliyomwambia mlinzi koridoni hayaachi alama popote.

Katika bahasha hiyohiyo weka uthibitisho wa mahali atakapoishi: nakala ya mkataba wako wa pango, bili ya umeme yenye jina lako, na barua yako fupi ikisema atalala chumba gani, nani atampeleka kliniki na nani atampeleka mahakamani siku ya kesi. Maafisa huyasoma haya kuliko tunavyodhani, kwa sababu swali lao la kwanza ni kama mtu huyu ataonekana tena.

Sasa bahasha hiyo ipelekwe wapi? Idara yenyewe ina uwezo wa kumwachia mtu kwa masharti, kwa mfano kwa kumfunga mguuni kifaa cha kumfuatilia au kumtaka aripoti kwa simu, na ombi la namna hiyo huandikwa moja kwa moja kwa afisa anayeshika faili lake. Kama anaruhusiwa dhamana, jaji wa uhamiaji anaweza kumpangia, na kwa sheria haiwi chini ya dola 1,500. Hapa lazima niseme kwamba mlango huu umebanwa. Mnamo Septemba 2025 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua kwamba walioingia nchini bila kukaguliwa mpakani hawastahili kusikilizwa dhamana na jaji wa uhamiaji, ingawa majaji wengi wa mahakama za shirikisho wameikataa tafsiri hiyo. Mdogo wako, kama aliingia kwa viza kupitia uwanja wa ndege, yuko katika hali nyingine, na wakili atakuambia kama kuna kosa la jinai lolote linalomnyima dhamana.

Njia ya tatu ni ombi la habeas corpus katika mahakama ya shirikisho, ambalo humtaka jaji aulize kwa nini mtu huyu anashikiliwa na kama mazingira anamoshikiliwa ni halali. Ada yake ni dola 5. Siri yake ni wakati: hufunguliwa katika wilaya ya mahakama ambamo mtu amefungwa siku hiyo, na likishafunguliwa vizuri halifi hata akihamishiwa jimbo jingine. Akihamishwa kabla halijafunguliwa, wakili wako wa Minnesota anabaki na karatasi zisizo na mahali pa kuzipeleka.

Na kuhamishwa ndiko kunakoeneza maradhi. Mwanzoni mwa Juni 2020 mahabusu 74 walisafirishwa kutoka Florida na Arizona hadi kituo cha Farmville, Virginia. 51 kati yao walikutwa na virusi. Kabla ya kiangazi kwisha zaidi ya watu 300 waliokuwa humo walikuwa wameambukizwa, na Agosti mzee wa miaka 72, raia wa Kanada, alikufa. Jaji Leonie Brinkema alipopelekewa suala hilo alizuia watu wengine wasipelekwe pale. Hivyo ukisikia mdogo wako anaambiwa akusanye vitu vyake, mpigie wakili saa hiyohiyo. Na yeye adai muhtasari wa matibabu na dawa za safari: viwango vya idara vinataka anayehamishwa aondoke na dawa za siku 7 angalau.

Nimesoma mengi kuhusu wahamiaji wanaotaka waachiwe kwa sababu ya maradhi. Mtu amekwenda nchi ya watu, amevunja sheria zao, leo anataka afunguliwe kwa kuwa anaogopa mafua? Wazee walisema mchuma janga. Wafungwa wa hapa kwetu nao je, waachiwe wote? — Mzee mmoja, Tanga

Shikamoo mzee wangu. Methali uliyoiandika umeiacha njiani, na nusu uliyoiacha ndiyo jibu langu: mchuma janga hula na wa kwao. Mlinzi humaliza zamu saa kumi na mbili jioni akarudi kwa wanawe. Mpishi, dereva wa basi la mahabusu, muuguzi, mfanyakazi wa kufua mashuka, wote huingia na kutoka kila siku, na ukuta unaomzuia mtu kutoroka hauzuii pumzi. Mgonjwa akizidiwa hapelekwi hospitali ya kizuizini, maana mara nyingi haipo; hupelekwa hospitali ndogo ya mji ule wa mashambani, yenye vitanda vichache vya wagonjwa mahututi, ambavyo wenyeji nao wanavihitaji. Na waliorudishwa kwao walisafiri na maradhi: Aprili 2020 Guatemala ilisitisha kuzipokea ndege za kuwarudisha raia wake kutoka Marekani baada ya makumi ya abiria kukutwa wameambukizwa.

Lakini nisiishie kwenye faida na hasara, kwa sababu hoja yako ni ya haki, na naiheshimu. Anayezuiliwa na idara ya uhamiaji hatumikii kifungo. Kuzuiliwa kwake ni kwa sheria ya madai, si ya jinai, na kusudi lake ni kuhakikisha atafika mbele ya jaji na ataondoka nchini akiamriwa. Wengine hawajawahi kushtakiwa kosa la jinai hata moja, na wengine walijitokeza wenyewe mpakani kuomba hifadhi, jambo ambalo sheria inaruhusu. Tangu 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani imeshikilia kwamba mtu ambaye hajahukumiwa hawezi kuwekwa katika hali iliyo sawa na adhabu. Hata mfungwa aliyehukumiwa ana kinga yake: mwaka 1993 mfungwa mmoja wa Nevada, aliyewekwa chumba kimoja na mtu anayevuta pakiti tano za sigara kwa siku, aliambiwa na mahakama hiyohiyo kwamba hakulazimika kungoja mpaka augue ndipo alalamike. Basi kama moshi wa sigara wa mwenzake ulitosha kumfikisha mbele ya majaji, kikohozi cha mwenzake kisitoshe kwa nini?

Ndivyo walivyojenga hoja zao mawakili wa 2020. Machi 31 mwaka huo Jaji John E. Jones III wa Pennsylvania aliamuru mahabusu kadhaa wenye maradhi ya kudumu waachiwe kutoka jela za kaunti. Aprili 20 Jaji Jesus Bernal wa California akaiamuru idara nchi nzima iwatambue waliopita miaka 55, wajawazito na wenye magonjwa kama ya moyo, pumu, kisukari, figo na kansa, kisha iangalie upya kama kweli kila mmoja wao analazimika kushikiliwa. Sitakuficha upande wa pili. Agosti 2020 mahakama ya rufaa ilizitengua amri nyingine za Jaji Jones za aina hiyo, na Oktoba 2021 mahakama ya rufaa ya magharibi iliitengua amri ya Jaji Bernal, ikiona kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa serikali ilipuuza hatari kwa makusudi. Hata hivyo, kati ya Machi 2020, ambapo mahabusu wa uhamiaji walikuwa kama 38,000, na mapema 2021, ambapo walikaribia 14,000 hivi, nchi haikuvunjika. Wengine waliachiwa, wengine wengi walirudishwa makwao, na waliokamatwa upya wakawa wachache. Mwishoni mwa 2025 idadi ilikuwa imeshapita 60,000. Mtu hahitaji shahada ya udaktari kujua hesabu hiyo inamaanisha nini siku surua au homa mpya itakapopiga hodi.

Hispania ilikwenda mbali zaidi. Kwa kuwa ndege za kuwarudisha watu zilisimama, na sheria yake inaruhusu kumzuia mtu kwa ajili ya kumrudisha tu, hapakuwa tena na sababu ya kuwashikilia. Kufikia Mei 6, 2020 vituo vyake vyote vya kuzuilia wahamiaji vilikuwa vitupu. Hakuna aliyeiita nchi hiyo dhaifu.

Kuhusu wafungwa wa huko nyumbani, mzee wangu, hilo ni suala jingine la sheria nyingine, ingawa wewe na mimi tunawajua vijana wa Kihabeshi waliojaa magereza ya Tanzania kwa kosa la kupita njia wakielekea kusini. Januari 2021 Rais Magufuli alipokutana na Rais wa Ethiopia kule Chato miongoni mwa yaliyozungumzwa lilikuwa hilohilo la kuwaachia warudi kwao. Kwa hiyo wazo la kumfungulia mpita njia si geni kwetu.

Mimi ni muuguzi, Mkenya, nimeajiriwa na kampuni inayoendesha zahanati ndani ya kituo cha wahamiaji. Wakubwa wangu husema nisiandike "anashukiwa kuambukizwa" mpaka kipimo kirudi, na kipimo huchukua siku. Wengine hupelekwa seli za peke yao zilizotengenezwa kwa ajili ya adhabu. Naogopa kupoteza kazi. Nifanye nini? — Jina limehifadhiwa

Dada muuguzi, asante kwa kuandika, maana watu wa upande wako wa mlango huwa kimya. Andika unachokiona. Huhitaji neno "anashukiwa" ili uandike nyuzi za joto, idadi ya pumzi kwa dakika, kiwango cha oksijeni, saa, na kwamba mgonjwa alikuambia hasikii harufu ya chakula. Hayo ni matokeo ya uchunguzi wako, hayahitaji ruhusa ya mtu, na siku wakili atakapoomba nakala ya faili ndiyo yatakayosema.

Kuhusu seli za peke yake, tofauti iko hivi. Kumtenga mgonjwa ni tiba, na tiba ina tabibu anayepita kila siku, ina simu ya kuzungumza na familia, ina kitabu, ina hewa ya nje, na ina siku ya kwisha inayojulikana. Akiwekwa kwenye seli ya adhabu bila hayo, wenzake bwenini wanajifunza haraka sana: anayesema anaumwa hufungiwa shimoni. Kuanzia hapo wataficha homa. Nimetafsiri maneno ya kijana mmoja aliyekuwa akimeza maji ya baridi kabla ya kupimwa joto, na aliyasema akicheka. Mweleze mkubwa wako hili kwa lugha ya kazi: seli hiyo inaharibu upimaji wake mwenyewe.

Juu ya hofu yako ya kazi sitakutia moyo wa bure. Ila ujue kuna waliotangulia. Machi 2020 madaktari wawili, Scott Allen na Josiah Rich, waliokuwa washauri wa Wizara ya Usalama wa Ndani kuhusu afya ya wanaozuiliwa, waliliandikia Bunge la Marekani wakionya kwamba vituo hivyo vilikuwa kama kuni kavu zinazongoja cheche, na wakataka watu wasio hatari kwa usalama wafikiriwe kuachiwa kabla moto haujawaka. Walikuwa na wakili kabla ya kutuma barua, na hilo ndilo nakusihi uige. Sheria zinazomlinda mfanyakazi anayefichua hatari hulinda njia fulani za kufichua na si nyingine. Mtafute wakili wa masuala ya kazi kwanza, usipige picha za wagonjwa, usitoe majina yao nje, na nakala za barua pepe zako za kutoa tahadhari zisiishi kwenye kompyuta ya kampuni peke yake.

Mtoto wangu, sisi ni watu wa Bukavu, anaambiwa kule ndani atie saini kwenye karatasi za Kiingereza ndipo apewe vitu vya kujikinga. Anajua Kiswahili na Kifaransa, Kiingereza kidogo. Akikataa watamwadhibu? — Mama wa Houston

Mama, asitie saini kwenye karatasi ambayo hajasomewa kwa lugha anayoielewa. Aseme kwa upole, na arudie: "Ninaomba mkalimani wa Kiswahili." Wakalimani wa simu wapo, mimi ni mmoja wao, na kumsubiri mkalimani si kukaidi amri. Hofu yako ina msingi. Aprili 2020, katika kituo cha Otay Mesa karibu na San Diego, wanawake waliozuiliwa walieleza kwamba barakoa zililetwa pamoja na fomu ya Kiingereza ya kuiondolea kampuni lawama iwapo wataugua. Wakakataa, habari zikatoka nje, na sharti hilo likaondolewa. Wiki chache baadaye, Mei 6, katika kituo hichohicho mwanamume wa miaka 57 kutoka El Salvador akawa mahabusu wa kwanza wa uhamiaji kufa kwa UVIKO-19 nchini humo.

Kuna karatasi nzito kuliko hiyo ya barakoa, nayo ni ile ya kukubali kurudishwa. Mwaka 2020 Wakameruni waliokuwa wakizuiliwa Mississippi walilalamika kwamba walilazimishwa kwa nguvu kuzitilia alama za vidole, na Oktoba mwaka huo ndege iliondoka Texas ikiwa na Wakameruni na Wakongomani kuelekea Douala na Kinshasa. Mwambie mwanao kwamba karatasi yoyote yenye mahali pa kidole gumba isubiri wakili. Na wewe, mama, kama aliomba hifadhi kwa kuikimbia serikali au watu wake, usikimbilie ubalozi kuomba msaada hata jirani akikushauri hivyo kwa nia njema; ongea na wakili kwanza, ubalozi usije ukajua mambo ambayo yeye ameyakimbia.

Jambo la pembeni, kwa kuwa ulitaja "mtu wa kanisani" anayetaka dola 900 ili "aongee na watu wake": mahakama za uhamiaji hutoa orodha ya mawakili na mashirika yanayosaidia bure. Iombe hiyo. Dola 900 zako zibaki mfukoni.

Kwa nini watoto nao hufungiwa wakati wa ugonjwa? Hakuna sheria ya kuwatoa? — Mwanafunzi wa sheria, Dar es Salaam

Ipo. Ni makubaliano ya mahakama ya mwaka 1997 yanayojulikana kwa jina la Flores, ambayo yanataka mtoto aachiwe bila kucheleweshwa na akabidhiwe mtu mzima anayefaa. Juni 26, 2020 Jaji Dolly Gee wa California, baada ya kuona virusi vimefika kwenye vituo vya familia, aliamuru watoto waliokuwa wamekaa zaidi ya siku 20 katika vituo vitatu, Dilley na Karnes kule Texas na Berks kule Pennsylvania, waondolewe humo. Vituo hivyo vilikuwa na watoto 124 kwa hesabu ya mwezi ule. Tatizo ni kwamba makubaliano hayo ni ya watoto, hayamlazimishi mtu kumwachia mzazi. Mama akabaki na mambo mawili: amtoe mwanawe peke yake aende kwa ndugu, au abaki naye bwenini. Umri wao sitauandika hapa, ila wako waliokuwa bado wananyonya. Ukiandika tasnifu yako, andika juu ya pengo hilo.

Kaka yangu ameachiwa juzi baada ya miezi minne. Tumeshukuru Mungu. Je, yamekwisha? — Familia moja, Columbus, Ohio

Hongereni, na hapana, kesi yake ingali hai. Kuachiwa kwa sababu ya afya hakufuti amri wala mashtaka ya uhamiaji. Akihama nyumba aijulishe mahakama ya uhamiaji kwa fomu yake ndani ya siku 5, kwa sababu wito wa mahakama utatumwa kwenye anwani ya zamani, na asipotokea jaji anaweza kuamuru aondolewe nchini bila kumsikiliza. Tarehe zote za kuripoti ziandikwe ukutani mahali ambapo kila mtu nyumbani anaziona, na kifaa cha mguuni kikiisha chaji kiwekwe chaji mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Amri za mahakama za 2020 zilipotenguliwa, waliokuwa wameachiwa kwa amri hizo walibaki na wasiwasi wa kuitwa tena; waliokuwa na faili kamili la kliniki, risiti za kuripoti na barua za mwajiri walikuwa na cha kumwonyesha afisa. Aombe pia nakala ya faili lake la matibabu la kizuizini sasa, kabla halijahamishwa ghala.

Kuna moja la nyumbani. Mmesema bwenini kwake kulikuwa na homa wiki ya mwisho, na bibi yenu wa miaka 80 yuko hapo ndani. Apelekwe kupimwa kabla hajakumbatiwa na kila mtu, alale chumba chake peke yake siku ambazo daktari atasema, sahani na kikombe viwe vyake, madirisha yafunguliwe hata kama ni baridi. Wageni wapigiwe simu waambiwe amefika salama, na pilau la kumkaribisha lisogezwe mpaka wiki ijayo.